Tom Mboya: Bwana Afya wa Ziwani

Ndugu msomaji, sisi watu wa Mwambao tunaijua vizuri shida ya kujenga nyumba juu ya kiwanja cha mwenyewe. Wazee wetu wa Majengo, Mombasa, walisimamisha kuta za miti na udongo, wakaezeka makuti, wakazaa na kulea humo, na huku wakiendelea kulipa kodi ya ardhi kwa tajiri mwenye shamba. Nyumba yako, ardhi si yako.

Kwa sababu hiyo nilipokwenda Nairobi kikazi mwaka 1978 na kupanga chumba Pumwani, sikujiona mgeni. Mtaa wenyewe nao waitwa Majengo. Nyumba zilikuwa za mtindo wetu, vyumba vinatazamana, ukumbi katikati, ua nyuma, na adhana yasikika kutoka Msikiti wa Riyadha. Tofauti niliyoiona ni moja: kwetu mwenye ardhi alikuwa tajiri, na Pumwani mwenye ardhi alikuwa Baraza la Jiji.

Mwenye nyumba wangu alikuwa bibi mzee, Mwislamu, aliyeingia Nairobi akiwa msichana. Jioni alipokuwa akisukua mkeka wake alinihadithia kwamba zamani watu wa Pumwani waliwaogopa watu wawili: askari wa kipande na Bwana Afya. Bwana Afya akija hutazama mtaro, hutazama choo, huhesabu vitanda, kisha hutoa kalamu. Jina lako likishaandikwa, ujue una kesi, au nyumba itabomolewa.

Miaka baadaye nilipokuwa nikisoma habari za marehemu Thomas Joseph Mboya, nilimkumbuka bibi yule. Kumbe mtu ambaye dunia ilimjua kama bingwa wa vyama vya wafanyakazi na waziri shupavu alianza kazi yake Nairobi kama Bwana Afya. Wengi hukumbuka ndege za wanafunzi alizopeleka Marekani, na risasi zilizomuua. Mimi leo napenda nimtazame kutoka upande wa mitaro na vyumba, kwa sababu naamini huko ndiko alikojifunza siasa.

AZALIWA KILIMA MBOGO

Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la katani la tajiri Sir William Northrup McMillan. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, na alikuwa msimamizi wa wafanyakazi shambani. Mama yake aliitwa Marcella. Kwa hivyo mtoto huyu hakukulia kwao kisiwani. Alikulia kambini, katika nyumba za mwajiri, ambamo kazi ikikatika na nyumba imekatika.

Wazazi wake walikuwa Wakatoliki, naye alisoma katika shule za misheni: Kabaa huko Ukambani, Yala huko Nyanza, kisha Mang'u. Fedha za kuendelea na masomo zilipokosekana, mwaka 1948 aliingia chuo cha wakaguzi wa afya, Jeans School, Kabete. Wenzake walimchagua kuwa kiongozi wa baraza la wanafunzi. Mwaka 1951 alianza kazi katika Baraza la Jiji la Nairobi.

JIJI LENYEWE LILIVYOKUWA

Hapa hatuna budi kueleza kidogo. Nairobi ilipewa hadhi ya jiji tarehe 30 Machi 1950 kwa hati ya Mfalme wa Uingereza. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilikuwa imeonyesha watu karibu 119,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa Waafrika. Wazungu walikaa upande wa magharibi kwenye vilima na miti, Wahindi walikuwa na mitaa yao, na Mwafrika alisukumwa mashariki, ng'ambo ya mto na reli. Huko ndiko Eastlands.

Pumwani ilianzishwa karibu na mwaka 1920 ili Waafrika wa vijiji mbalimbali wakusanywe mahali pamoja. Walipewa viwanja wajenge wenyewe, na ardhi ikabaki ya manispaa. Wenye nyumba wengi walikuwa Waislamu, na wengi wao wanawake. Kijiji cha Pangani, ambacho nacho kilikuwa na Waislamu wengi, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wenyewe wakahamishiwa Shauri Moyo. Baadaye zikajengwa Ziwani, Starehe na Kaloleni.

Na fedha za kuwahudumia Waafrika zilitoka wapi? Msomaji Mwislamu atasikitika kusikia haya. Manispaa ilifungua kilabu cha pombe Pumwani, ikapiga marufuku watu kujipikia pombe yao, na faida ya kilabu ikawa ndiyo ya kugharimia huduma za mitaa ya Waafrika. Kodi ya ardhi iliyotozwa matajiri ilitengeneza barabara zao wenyewe. Mwafrika alitakiwa anywe kwanza ndipo apate maendeleo, na asiyekunywa akahudumiwa kwa ulevi wa jirani yake.

Barazani Waafrika walikuwa wachache, tena wa kuteuliwa. Wapangaji wa Eastlands hawakuwa na kura ya kumtoa diwani hata mmoja.

MZUNGU MMOJA, WAAFRIKA WATANO

Mboya alikaa Ziwani, katika nyumba za Baraza. Kila siku alitembea kukagua: maduka, masoko, vyoo, maziwa. Aliyaona maisha ya watu kwa ndani, kuliko mwanasiasa yeyote wa kupanda jukwaani. Aliona chumba cha mtu mmoja kikilaliwa na watu wanne au watano. Sheria ilimwagiza aandike kosa, na akili ilimwambia kwamba kosa halikuwa la waliolala.

Naye mwenyewe alikuwa na lake. Mkaguzi wa Kiafrika alipata kama moja ya tano ya mshahara wa mkaguzi wa Kizungu, na kazi ni ile ile. Kuna kisa ambacho alikieleza mwenyewe katika kitabu chake, nacho kilienea sana. Siku moja alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa. Akaingia mama wa Kizungu na chupa ya maziwa mkononi. Akatazama huku na huku, akauliza kama hapakuwa na mtu mle ndani. Mboya, aliyekuwa amesimama mbele yake, akamwuliza kwa adabu kama macho yake yalikuwa na kasoro. Mama yule alighadhibika, akaenda kushtaki.

Watu hucheka wakisikia kisa hiki, lakini ndani yake mna uchungu. Jiji zima lilikuwa kama mama yule. Lilimtaka Mwafrika afagie, apike, abebe na apime maziwa, lakini ilipofika saa ya kumtafutia mahali pa kulala, halikumwona.

CHAMA CHA WAFANYAKAZI WA BARAZA

Wafanyakazi wa Kiafrika wa Baraza walikuwa na chama cha kukutana na kuzungumza tu. Mboya alichaguliwa kuwa kiongozi wake mwaka 1952, na hakupoteza wakati. Alikigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, chenye daftari, michango na haki ya kukaa mezani na mwajiri. Wakubwa wake hawakupendezwa, na mwaka 1953 kazi yake ya Baraza ikaisha. Alikuwa na umri wa miaka 23. Mwaka huo huo akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Kenya.

Siku hizo zilikuwa za hali ya hatari. Serikali ilikuwa imewakamata Jomo Kenyatta na wenzake Oktoba 1952. Mjini watu waliuana. Tom Mbotela, kijana wa ukoo wa Mbotela wa Frere Town ambao sisi Wapwani twaujua, aliuawa Novemba 1952. Diwani Ambrose Ofafa aliuawa mwaka 1953. Mitaa miwili ya Eastlands imebeba majina yao mpaka leo. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yakauzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil, na maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, wakapelekwa kambini. Familia zilitolewa vyumbani na vyombo vikabaki. Vyama vya siasa vilikuwa vimepigwa marufuku, na ofisi ya Mboya ikawa karibu ndiyo mahali pekee ambapo Mwafrika wa Nairobi angeweza kupeleka malalamiko yake.

Mwaka huo huo wa 1954 kamati ya serikali chini ya Carpenter ilitoa taarifa juu ya mishahara. Ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa makampuni mijini walilipwa mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya mtu mmoja asiye na mke. Hoja hiyo Mboya aliishika barabara. Mshahara wa mtu mmoja hukodi kitanda, haukodi nyumba. Ukimlipa mtu fedha za kitanda, usimshtaki kwa kujazana. Na ukitaka aache mke shamba ili mshahara huo umtoshe, basi jua kwamba shamba la mwanamke ndilo linalomlipia mwajiri deni lake.

AFIKA MOMBASA

Watu wa Mombasa hawakuhitaji kufundishwa somo hilo. Mgomo wa mwaka 1939 ulihusu sana kodi ya vyumba, hata waajiri wakaanza kutoa posho ya nyumba. Mgomo mkuu wa Januari 1947 ulisimamisha mji mzima. Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Kilindini waligoma tena, na Mboya akashuka kutoka Nairobi. Alikuwa kijana wa bara, hajafika umri wa miaka 25, mbele ya makuli waliomzidi umri na waliokwisha ona mabomu ya machozi. Aliwaomba warudi kazini ili madai yao yapelekwe kwenye baraza la usuluhishi. Walimkubalia, na baraza lile likawaongezea mshahara. Tangu siku hiyo jina lake likajulikana Pwani nzima.

Baada ya hapo alikwenda kusoma Ruskin College, Oxford, akarudi mwaka 1956. Alipopita Marekani vyama vya wafanyakazi vya huko vilimpa fedha za kujengea makao ya shirikisho, na jengo hilo, Solidarity, likajengwa Gikomba, Eastlands, karibu na wafanyakazi wenyewe.

KURA ZA EASTLANDS

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura ya kwanza ya kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Haikuwa kura ya kila mtu. Mwenye elimu, mali au mshahara aliweza kupata hata kura tatu, na asiye na kitu hakupata hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji cheti cha uaminifu. Katika uchaguzi huo Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek kwa kura chache. Mwaka huo huo akaanzisha chama chake cha Nairobi, People's Convention Party.

Ukumbi wa Kaloleni ndio uliokuwa bunge la watu wa Eastlands. Huko watu walijadili uhuru, lakini walijadili pia bomba la maji, basi, kodi na fundi wa Baraza asiyekuja. Mboya alikuwa hodari wa kuunganisha mambo haya mawili. Alionyesha kwamba bomba lililokauka na bunge lisilo na Waafrika ni shida moja. Uchaguzi wa mwaka 1961, jimbo la Nairobi Mashariki, ulionyesha matunda yake. Wapinzani walidhani watu watafuata makabila yao, na Wajaluo hawakuwa wengi jimboni. Mboya alimshinda Dakta Munyua Waiyaki kwa wingi mkubwa mno. Wapangaji walipiga kura kama wapangaji.

WAZIRI NA DENI LAKE

Mwaka 1962 alifunga ndoa na Pamela Odede, akawa Waziri wa Kazi, na mwezi Oktoba mwaka huo akawakutanisha waajiri, wafanyakazi na serikali wakatia sahihi mkataba wa uhusiano kazini. Mwaka huo pia Nairobi ilipata meya wake wa kwanza Mwafrika, Charles Rubia. Uhuru ulipokuja Desemba 1963 Mboya alikuwa Waziri wa Sheria na Katiba, na mwishoni mwa 1964 akapewa wizara ya Mipango na Maendeleo.

Hapa, ndugu msomaji, tusimsifu tu marehemu, maana haki ya maiti ni ukweli pia. Waraka wa serikali namba 10 wa mwaka 1965 juu ya ujamaa wa Kiafrika, ambao yeye ndiye aliyeutetea, uliagiza fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa haraka zaidi. Wakosoaji wake wasema, na wana hoja, kwamba sera hiyo iliwanufaisha waliokwisha kuwa nacho. Nyumba za fukara hazizai haraka. Wakati huo huo kipande kilikuwa kimeondoka, watu wakimiminika Nairobi, na kufikia mwaka 1969 walikuwa zaidi ya 509,000. Baraza lilijenga Jericho na mitaa mingine, lakini idadi ya watu ilipita idadi ya vyumba kila mwaka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, Bloomberg na Abrams, waliionya serikali juu ya upungufu huo katikati ya miaka ya 1960. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1967, nalo pia halikuziba pengo.

Mboya mwenyewe alikuwa amehama Ziwani siku nyingi, akakaa Lavington, huko huko kwenye vilima na miti. Hilo si dhambi. Lakini ni vizuri kusema kwamba Bwana Afya aliyejua ukubwa wa tatizo alipata kalamu ya mipango ya nchi nzima, na Eastlands ikabaki inangoja.

Labda angelirudia jambo hilo. Muda hakupewa. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 mchana, alipokuwa akitoka katika duka la dawa la Chhani, Government Road, alipigwa risasi akafa. Hakuwa ametimiza miaka 39. Alikuwa bado mbunge wa Kamukunji, jimbo la Pumwani na Gikomba. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa na kunyongwa kwa mauaji hayo, lakini watu wengi hawajaacha kuuliza nani alimtuma. Mboya alizikwa Rusinga, kisiwa cha wazee wake. Barabara moja ya katikati ya mji yaitwa kwa jina lake, na mwaka 2011 sanamu yake ilisimamishwa karibu na pale alipouawa.

MZIGO WA NANI?

Baada ya kifo chake zilikuja Umoja na Dandora katika miaka ya 1970, na zikajaa. Mwaka 1983 serikali ililivunja Baraza la Jiji na kuweka tume, madiwani wasirudi mpaka 1992. Tangu 2013 Nairobi ni kaunti yenye gavana, na bado kila upande humtupia mwingine mzigo. Kaunti husema serikali kuu haikutoa fedha. Serikali kuu husema kaunti haikukusanya kodi. Mwenye mtaro uliofurika hajui amwendee nani.

Sheria ya mwaka 2024 humkata mfanyakazi asilimia moja na nusu ya mshahara, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho, ili zijengwe nyumba za bei nafuu. Nyumba za zamani za mji huko Pangani zimebomolewa na maghorofa yamesimama mahali pake, na mitaa mingine ya Eastlands imo katika mpango. Wapo wanaoshangilia. Wapo pia wazee waliokaa nyumba moja miaka 40 au 50, wakilipa kodi kila mwezi, ambao huuliza kama ghorofa jipya litakuwa na mlango wao.

Mimi si mpinzani wa maghorofa. Nyumba za udongo za Pumwani nimelala, na mvua yake naijua. Lakini nikifikiri habari za Mboya, naona somo lake ni moja, na ni la Mombasa sawa na Nairobi. Kabla ya kuuliza nyumba itauzwa bei gani, uliza mpangaji analipwa nini. Kabla ya kumwandikia mtu kosa la kujazana, uliza ni nani aliyemnyima nafasi. Na anayekusanya kodi, awe tajiri wa shamba, baraza, kaunti au serikali, mtaro ni wake.

Nilirudi Pumwani miaka mingi baada ya kuhama, nikasali Ijumaa Riyadha, kisha nikapita kwa bibi. Alikwisha kufariki, Mungu amrehemu. Chumba changu alikuwamo kijana wa makamo yangu ya zamani, na nilipomsalimu niliona vitanda vinne. Sikuvihesabu kwa ubaya. Nilimwuliza tu kodi ni kiasi gani, naye aliponijibu, tukanyamaza sote wawili.